Ukumbi ambao mvua haivunji mkutano: shajara ya ujenzi, Kano

11 Januari 2025. Kiwanja na masharti

Kikundi cha akina mama na wazee wa hapa Kano, si mbali na Ahero, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, kina robo ekari na ombi moja gumu: ukumbi ambao mvua ikinyesha, mkutano hausimami. Aliyewahi kuketi chini ya mabati mwezi wa Aprili anajua wanachokisema. Mweka hazina anasoma hesabu, wingu linafunguka, na watu wote wanabaki kutazamana mpaka mvua ipite. Mama mwenyekiti alisema waziwazi kwamba kura mbili za kikundi zimewahi kuzozaniwa kwa sababu nusu ya watu hawakusikia kilichopigiwa kura.

Kwa hiyo shajara hii itahusu sauti kuliko rangi. Majengo yetu ya umma mengi hupakwa kijani kibichi, huandikwa methali ukutani, kisha husemwa kuwa yanatuliza. Ndani unapiga kelele ili jirani yako akusikie.

Tunachojenga: ukumbi wa mita 12 kwa 8, chumba cha kusomea cha mita 6 kwa 4, na baraza pana kati yake ili kelele za huku zisifike kule. Ukumbi ni wa mikutano, matanga, na kliniki ya kupima watoto uzito. Chumba ni cha wanafunzi jioni.

Mwelekeo wa jengo ulichukua muda mrefu kuliko michoro yote mingine. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni ndilo adui, si la mchana. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Hapa jua la saa sita mchana mwezi Juni huwa kwenye nyuzi kama 66 upande wa kaskazini, na la Desemba hivyo hivyo upande wa kusini, basi upenu wa mita 1 unatia kivuli mita 2.3 za ukuta chini yake. Hiyo inatosha dirisha lolote tunaloweza kumudu.

Tatizo ni kwamba upepo wa mchana hutoka ziwani, yaani magharibi, kulekule linakotokea jua kali la saa kumi. Ukifunga ukuta wa magharibi unapoteza upepo, ukiufungua unachoma watu. Tumekubaliana baraza ya mita 2.4 izunguke upande huo, na ukuta ulio nyuma yake ujengwe kwa matofali ya matundu kuanzia usawa wa kifua. Jua linagonga baraza, upepo unapita.

Kibali cha kaunti na usajili wa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, vimekamilika. Hakuna la kusimulia hapo isipokuwa kwamba nakala za michoro zilihitajika nyingi kuliko tulivyochapisha.

15 Februari. Msingi

Udongo wa Kano ni ule mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi mpaka mguu wa mtoto unaingia ufa. Nyumba nyingi hapa zina nyufa za ngazi ngazi kutoka pembe za madirisha, na chanzo ni huo udongo, wala si ufundi mbaya wa kuta. Tuliuchimba wote na kuutoa, tukajaza marramu (udongo wa changarawe) kwa matabaka na kushindilia, kisha tukamwaga zege lenye nondo chini ya jengo zima badala ya mitaro ya kawaida. Marramu ililiwa kuliko makadirio kwa sababu pembe ya mashariki udongo mweusi ulishuka chini zaidi. Malori ya ziada yaligharimu shilingi 42,000.

Kimo cha sakafu tulikipata kwa jirani. Ukuta wake bado una alama ya maji ya mafuriko ya 2024, tope lililokauka kwa mstari ulionyooka. Tulipima usawa kwa bomba lililojazwa maji kutoka kwenye alama hiyo hadi kiwanjani na kupandisha sakafu sentimita 45 juu yake. Mteremko wa kiti cha magurudumu umekuwa mrefu kwa sababu hiyo, mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda, nao umekula sehemu ya bustani. Hakuna aliyelalamika.

Msingi na sakafu: shilingi 618,000.

22 Machi. Kuta na paa

Kikundi kilitaka tofali za udongo na saruji zinazofyatuliwa kwa mashine ya mkono, kwa kuwa hazichomwi na hazili kuni. Vijana walianza kwa udongo uliochimbwa palepale, uko bure na umejaa. Jaribio la kisanduku likamaliza ubishi: unajaza udongo wenye maji kwenye kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana na kina cha 4, unauacha ukauke, kisha unapima umesinyaa kiasi gani. Marramu ilisinyaa chini ya milimita 30, na kwa hiyo ilihitaji sehemu 1 ya saruji kwa 16 za udongo. Udongo mweusi ulikatika vipande vitatu na kujipinda mpaka ukanyanyuka katikati. Tofali chache zilizokuwa zimeshafyatuliwa tuliziloweka usiku mmoja kwenye ndoo, asubuhi tukakuta uji. Tofali zote zikafyatuliwa kwa marramu.

Kuta: 470,000, zikiwemo tofali za matundu. Paa: kenchi za mbao, mabati ya unene wa geji 28, mgongo ulioinuliwa ili hewa moto itoke juu, 545,000. Tulipata bei ya vigae vya mabati vyenye chembe za mawe, ambavyo havipigi kelele sana, lakini vingekula fedha za madirisha yote na chenji isibaki.

12 Aprili. Mvua

Mvua ya jioni kutoka upande wa milima ya Nandi ilikuja dari ikiwa bado haijawekwa, nasi tukaitumia. Programu ya simu ya kupima desibeli, yaani ukali wa sauti, si kifaa cha maabara, ila simu ileile mahali palepale inatosha kulinganisha. Kabla ya mvua: 46. Mvua ilipokolea: 86. Mtu anayezungumza kawaida hatua moja kutoka kwako hufika kama 60. Tulikuwa kama ndani ya debe linalopigwa na watoto.

Inafaa kujua kelele hiyo inatoka wapi. Tone halipigi kelele lenyewe, bali bati ndilo linalotikisika. Bati la geji 28 lina uzito usiofika kilo 4 kwa mita ya mraba, limeshikwa kwenye papi tu (mbao linapopigiliwa), katikati liko huru. Kwa hiyo njia ni mbili: kulizuia bati lisitikisike, au kuweka kitu kizito kati yake na masikio. Kanuni ya jumla ni kwamba ukiongeza uzito wa kizuizi mara mbili unapunguza kama desibeli 6. Kitu chepesi hakizuii sauti hata kikiwa kinene.

Fundi wa mbao alipendekeza tugundishe sponji ya magodoro chini ya mabati, kama alivyoona kwenye baa moja mjini. Hapana. Sponji ikishika moto humwaga moshi wenye sumu, na hapa watakuwa wamekaa watu 60.

10 Mei. Mikeka ya mafunjo

Mafunjo yako tele kwenye vinamasi vya mto Nyando na kando ya ziwa, na wasusi wako humu humu kikundini. Kulikuwa na sababu ya pili ya kuyapenda: watafiti waliwahi kufunga dari za mikeka ya mafunjo katika nyumba za mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha mbu wa malaria ndani ya nyumba wamepungua sana, kwa kuwa uwazi wa juu ya kuta ulizibwa. Dari ya bei nafuu, ya hapa, inayozuia mbu. Tukafunga tabaka moja ukumbini.

Kwa mwangwi, mikeka ilifanya maajabu. Ukipiga kofi, sauti inakufa papo hapo. Kwa mvua, karibu bure: 86 ilishuka hadi 82 au 83. Mkeka haufiki kilo 2 kwa mita ya mraba na una vitundu kila mahali. Unameza sauti inayozunguka chumbani, lakini hauzuii inayotoka juu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wa dari huyachanganya kila siku.

Jambo jingine lililoharibika: ili mikeka isishike moto upesi, tuliitumbukiza kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki. Kwa moto ilifanya kazi. Kipande kisichotibiwa kilichokuwa kimening'inizwa kiliteketea chote, kilichotibiwa kilizimika kiberiti kilipoondolewa. Lakini ni Mei, hewa imejaa unyevu, na mikeka iliyoloweshwa ilikaa mbichi mpaka ikaota ukungu wa kijivu. Kumi na moja tumeitupa. Wasusi wakatuambia tuwe na subira mpaka Julai, tupulize dawa badala ya kutumbukiza, tuanike juani pande zote mbili. Dari ya ukumbi tumeiondoa.

31 Mei. Makapi ya mpunga

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré, katika shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso iliyokamilika mwaka 2001, alitenganisha paa la bati na dari ya tofali, akainua bati juu ili upepo upite katikati. Tunachokichukua kwake ni huo mgawanyo: paa lipumue lenyewe, chumba kipumue chenyewe. Hapa tulikuwa tumeanza kuyachanganya, tukitaka joto la chumba litoke kupitia dari hadi mgongo wa paa. Kila tundu linalotoa joto huingiza mvua masikioni. Sasa hewa ya chumba inaingia na kutoka kwa madirisha na tofali za matundu, na hewa ya paa ina njia yake chini ya upenu na juu mgongoni. Katikati, dari nzito isiyo na tundu.

Uzito wa bei nafuu uko wapi? Vinu vya mpunga vya Ahero vina vilima vya makapi ambavyo mara nyingi huishia kuchomwa. Makapi ni mepesi ukilinganisha na mchanga, kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, lakini tabaka la sentimita 8 linakupa kilo 8 kwa kila mita ya mraba, na vilevile linazuia joto la bati. Yana silika nyingi, hayalipuki kwa miali, hufuka polepole.

Tulianza na chumba cha kusomea peke yake. Mbao za dari kila sentimita 60, bodi za jipsamu za milimita 12 chini yake, viungo vimezibwa, magunia ya makapi yaliyolazwa na kubanwa yakaribiane juu. Nyaya zote zimepita ndani ya paipu na hakuna taa iliyozamishwa darini. Hilo la taa msilipuuze mkinakili: joto la taa ndani ya makapi ni hatari.

Siku mvua ilipokuja tulikuwa na bahati ya kuwa na vyumba viwili chini ya mvua moja, kimoja kimekamilika na kingine bati tupu. Ukumbini 85. Chumba cha kusomea 63. Mwalimu aliyekuwa ndani alisoma barua kwa sauti ya kawaida na aliyekuwa nyuma kabisa akarudia alichosikia.

5 Julai. Panya

Walikuja. Makapi ya kinuni hayatoki matupu, yana chenga ndani yake, na chenga ni mchele. Usiku dari ya chumba cha kusomea ilikuwa na mbio kuliko barabara ya Kisumu–Kericho. Baadhi ya magunia yalikuwa yametobolewa na makapi kumwagika pembeni, na palipomwagika sauti ya mvua ilipenya.

Tuliteremsha yote. Akina mama waliyapepeta kwa nyungo, chenga zikaenda kwa kuku, makapi yakachanganywa na chokaa kavu kama kikombe kimoja kwa gunia, yakarudishwa kwenye magunia mapya. Chini ya upenu, ambako waya wa mbu peke yake ulikuwa umetafunwa, tukapigilia waya mgumu wa matundu madogo nje yake. Waya: 4,300. Tangu hapo kimya, isipokuwa mjusi.

Kupepeta ni kazi ya siku nzima na vumbi lake linawasha kifua. Fungeni vitambaa mdomoni, na mfanye kazi hiyo nje, mgongo ukielekea upepo.

23 Agosti. Dari ya ukumbi, na mwangwi umerudi

Dari nzito ya ukumbi imefungwa kama ile ya chumba. Kama ilivyotarajiwa, jipsamu laini ilirudisha mwangwi wote. Hapa hesabu inasaidia. Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, akiingiza na kutoa mito ya viti huku akipima muda ambao sauti huchukua kufa. Kanuni yake bado inatumika: ujazo wa chumba mara 0.161, gawanya kwa jumla ya mita za mraba zinazomeza sauti. Kipimo chake cha awali cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, maana sauti ikitoka dirishani hairudi. Kwa nchi ya madirisha wazi kama yetu, hicho ni kipimo kinachoeleweka na kila fundi.

Ukumbi wetu una mita za ujazo 336. Kuta, sakafu na jipsamu tupu vinameza sawa na mita za mraba 17 hivi, kwa hiyo sauti inaning'inia sekunde 3. Hotuba inahitaji chini ya 1. Mikeka kwenye dari nzima inaongeza kama 34, tunafika sekunde 1.1. Watu 60 wakiketi wanaongeza kama 24 nyingine, tunashuka karibu 0.7. Ndiyo sababu ukumbi uleule hunguruma ukiwa na watu kumi na kusikika vizuri kwenye matanga.

Mikeka ikarudi basi, safari hii chini ya jipsamu, ikiwa imeachiwa uwazi wa sentimita 5 juu yake, imepulizwa dawa na kukauka jua la Julai. Uwazi huo una maana: mkeka uliogandishwa kwenye bodi humeza sauti nyembamba tu, sauti nzito za wazee zinabaki. Kila kitu kina kazi yake sasa, makapi na jipsamu kwa mvua, mikeka kwa mwangwi.

Wajumbe wawili walitaka mikeka ipakwe rangi nyeupe ili ukumbi ung'ae. Rangi ingeziba vitundu na kumaliza kazi yote. Tumewapa kuta nyeupe badala yake, na rangi ya mafunjo ikibaki juu mwanga unakuwa mpole hata saa nane mchana.

8 Novemba. Vipimo na hesabu

Mvua za vuli zimefika na ukumbi umepimwa ukiwa na watu. Mvua kubwa: 65. Ni juu kidogo ya chumba cha kusomea kwa sababu ya tofali za matundu upande wa magharibi, na tumeamua kuziacha. Kuziziba kungeleta utulivu wa desibeli mbili tatu na joto la mwaka mzima. Msemaji anapaza sauti kidogo, basi. Mkutano wa Oktoba uliendelea mvua ikinyesha, na wajumbe walizozana kuhusu mkopo kama kawaida yao, safari hii wakisikiana.

Gharama ya dari yote, mita za mraba 120: bodi za jipsamu 45 kwa 1,100 kila moja, 49,500. Mbao 38,000. Mikeka 62 kwa 350, 21,700. Ile ya Mei iliyoota ukungu haimo humu, iliingia kwenye fungu la mengineyo. Boraksi na asidi ya boriki 9,600. Magunia 3,900, usafiri wa makapi 6,500, waya 4,300, ufundi 30,000. Jumla 163,500. Makapi yenyewe bure. Madirisha na milango (ile miwili ya ukumbi inafunguka kwenda nje) 232,000, na mengineyo 96,000. Jengo zima limefika 2,124,500, na dari ni chini ya asilimia 8 ya hiyo.

Anayenakili kwenye eneo lisilo na vinu vya mpunga anaweza kutumia tabaka la pili la jipsamu, bei itapanda, ila panya hawatakuwepo. Asiye na mafunjo atumie magunia ya mkonge yaliyotungwa kwenye fremu, uwazi uleule nyuma. Kisichobadilishwa ni kuziba viungo vya dari. Ufa wa upana wa kidole kando ya ukuta wa kaskazini ulitupotezea desibeli 4 mpaka tulipoujaza.

Kuna kelele moja iliyobaki, na haikusikika kabla kwa sababu ilikuwa imefunikwa na nyingine. Bomba la gata linateremka kwenye ukuta wa chumba cha kusomea kuelekea tangi la lita 5,000, na mvua ikikolea maji hugonga kiwiko cha chini kwa mdundo unaowakera wanafunzi wa kona hiyo. Fundi bomba atalihamishia nguzo ya baraza na kuweka viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90. Ameomba 3,200.